Mwenye seliaki anywe nini kwenye kafe za hapa Dar?

bintiTanga88
Habari zenu wakuu. Niligundulika na seliaki mwaka jana, damu ilionyesha na kamera ya tumboni ikathibitisha, kwa hiyo hapa siongelei mambo ya kupunguza mwili, gluteni (ile protini ya ngano na nafaka ndugu zake, shayiri na rai) ikiingia hata kidogo kinga yangu mwenyewe inashambulia utumbo na siku kadhaa nakuwa sijiwezi. Kwenye chakula nishajipanga, ugali, wali, ndizi, muhogo, nyumbani hakuna tabu. Tabu ni kazi, nakutana na wateja kwenye makafe ya Masaki na Mikocheni na huwezi kukalia meza ya watu masaa mawili na maji tu. Juzi nimeagiza chokoleti ya moto nikauliza kabisa kuna ngano humu, nikaambiwa hamna dada ni maziwa tu, usiku sikulala. Ninywe nini, na niulizeje wanielewe?

mzee_wa_espreso
Pole sana dada. Mimi ni barista. Aliyekuhudumia wala hakukudanganya, kwake ngano ni chapati na mkate. Kwenye vinywaji anayewaumiza sana ni shayiri, na shayiri inaingia kwa jina la kimea. Milo, Ovaltine, Horlicks, zote hizo zina kimea, na kuna kafe chokoleti ya moto wanaikorogea humo humo. Omba uone kopo usome mwenyewe, sema tu nina mzio mkali, barista anayejua kazi yake atakuletea bila kununa.

Halafu ile bomba ya mvuke ya kuchemshia maziwa. Imetoka kwenye maziwa ya oti (ile nafaka ya oats) ya mteja aliyepita ikafutwa na kitambaa kinachotumika tangu asubuhi, sasa inaingia kwenye maziwa yako. Oti mara nyingi inavunwa na kusagwa sehemu moja na ngano, kwa hiyo isipokuwa pakiti imeandikwa haina gluteni we iache, na wenye seliaki wengine hata oti safi inawasumbua. Agiza espreso au amerikano, maziwa baridi wakuletee pembeni kwenye jagi safi. Na kitu chochote cha blenda kataa, milksheki za biskuti zinapita humo humo.

baraza_la_kahawa
Dada kahawa yetu ya birika hii ya kijiweni ndio naiamini kuliko zote, ni buni, maji na tangawizi, wengine wanatia iliki, basi. Haina maziwa, haina mashine. Kashata ya nazi au karanga nayo ni sukari na nazi au karanga yenyewe ila muulize muuzaji kama hakuongeza unga kidogo ili zishike, na angalia asiwe kazipanga sinia moja na visheti.

nesi_wa_Moro
Naongezea kwa wanaosoma hapa wakaanza kujishuku: usiache ngano kabla hujapima. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza ukiwa bado unakula gluteni, ukishaacha muda mrefu majibu yanaweza kutoka safi na huku unaumwa. Na dada, uji wa kwenye menyu usiuamini haraka. Ulezi hauna gluteni kabisa, lakini unga wa lishe wengi wanachanganya na ngano, na hata wasipochanganya mashine iliyosaga ulezi wako asubuhi ilikuwa inasaga ngano ya mtu. Grand Malt na Bavaria nazo ni kimea hata kama hazina kilevi.

shem_Leeds
Niko Uingereza, mke wangu anayo hiyo hiyo. Huku sheria inawalazimisha kafe wakwambie vitu 14 vinavyoleta mzio, nafaka zenye gluteni zimo, na kilichoandikwa hakina gluteni lazima kiwe na miligramu 20 kwa kilo kushuka chini. Ila hata huku wanakwambia kilichomo kwenye kikombe, usafi wa ile bomba aliyoisema barista hapo juu inabidi uulize mwenyewe. Kwa hiyo mke wangu anabeba Africafe kwenye mkoba, ile ni kahawa tupu, analipia chai anaomba maji ya moto anakoroga. Na kwenye simu kaandika maneno anamuonyesha mhudumu, tafsiri yake hii, chukua: "Nina ugonjwa. Siwezi kabisa ngano, shayiri, rai wala kimea. Naomba kinywaji kisichopita kwenye blenda, na jagi lioshwe kwa sabuni kwanza."

bintiTanga88
Mungu awabariki jamani, haya maneno nayaweka kwenye simu sasa hivi. Chai ya masala je? Ndio naipenda kuliko zote.

mzee_wa_espreso
Chai iliyochemshwa na maziwa kwenye sufuria ni bora kwako kuliko kapuchino, haigusi bomba. Uliza masala ni ya pakiti yenye orodha ya viungo au ya kupimiwa sokoni, hiyo ya kupimiwa inasagwa popote. Wakiwa hawajui, omba tangawizi mbichi na iliki nzima waziponde hapo hapo.