Difu ya LSD iliyotumika: ya mnato, ya pleti au Torsen?

BoltiMoja:
Wakuu, habari za kazi. Naunda gari kwa vipuri vya Mazda MX-5, fremu ya mabomba, na nalenga lisizidi kilo 700. Nimeonyeshwa difu tatu za LSD (zile zinazozuia tairi moja lisizunguke bure) zilizotumika: ya mnato kutoka kwenye gari la injini ya lita 1.6, Torsen (ya gia) kutoka kwenye la 1.8, na ya pleti ambayo mtu aliifunga ndani ya nyumba (kasha) ya difu ya 1.8. Zote ziko mezani, nje ya gari. Torsen nikizungusha upande mmoja mbele, wa pili unarudi nyuma bila ubishi. Nimeihesabu kuwa imekufa. Nichukue ipi?

Pinieni:
Mkuu, unakaribia kuiacha iliyo nzuri kuliko zote. Gia za Torsen hubanana zikibebeshwa nguvu tu. Bila mzigo inazunguka kama difu ya kawaida. Jaribio ni lile lile, jibu linategemea aina. Ya pleti ikirudi nyuma kirahisi hivyo, pleti zimekwisha. Ya mnato inatakiwa ikubali, ila polepole, kama mwiko kwenye asali, na ukiharakisha ibishe zaidi. Ikizunguka bure, silikoni imevuja au imechoka. Ikigoma kabisa, imeharibika ndani. Na lile ni kopo lililozibwa. Si la kufungua na kubadili kitu.

Halafu krauni (gia kubwa ya ndani ya difu) ya 1.6 ni ya inchi 6, ya 1.8 ni ya inchi 7. Ukichukua ya 1.8 hakikisha unapata na shafti zake za pembeni pamoja na propela (shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi).

MamaGeji:
Ya pleti msiidharau, ndiyo pekee inayorudishiwa uhai kwa pleti mpya. Bana upande mmoja kwenye jiriwa, weka toki renchi (spana inayopima nguvu ya kuzungusha) upande wa pili, uvute taratibu. Soma inapoanza kuteleza, kisha inapoendelea. Rudia mara tatu, linganisha na namba za aliyeitengeneza. Ikiruka kwa mishtuko, pleti zinanata: ama imewekwa oili isiyo ya LSD, ama zimeungua. Ukifungua ukazikuta na rangi ya bluu, moto umeshapita hapo.

Ninachohofia ni mbano wake. Kama ulipangwa kwa gari zito, hilo jepesi lako litakataa kugeuza pua kwenye kona kali.

Tairi_Nne:
Nakubaliana, ila Torsen nayo ina pake inaposhindwa. Inachofanya ni kuzidisha mshiko wa tairi dhaifu, na sifuri hata uizidishe mara ngapi ni sifuri. Fremu ikiwa ngumu, tairi la ndani ya kona likanyanyuka, nguvu zote zinaishia hewani. Kwa mashindano ningechukua pleti. Kwa barabarani, Torsen.

Pinieni:
Yoyote utakayochukua, mwaga oili kwanza. Uji wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida; vipande vinavyoshikika kwa kucha ni meno ya gia. Tikisa flenji ya pinieni (sahani inayofungwa propela, kwenye gia ndogo inayosukuma krauni) juu na chini: isicheze hata kidogo. Izungushe kushoto na kulia usikie mwanya wa meno. Mara nyingi ni kati ya milimita 0.1 na 0.2, lakini fuata kitabu cha difu yako, na upime kwa geji. Hesabu na uwiano, yaani pinieni inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja. Kwenye Torsen shika upande mmoja, zungusha wa pili mara mbili kamili. Flenji ikienda mara nne na ushei kidogo, hiyo ni 4.1.

BoltiMoja:
Nimerudi huko leo. Torsen uwiano ni 4.1, oili safi. Ila nati ya pinieni ina makovu ya patasi, na flenji ina sehemu moja ngumu kila mzunguko. Ya pleti inateleza bure kabisa, lakini pinieni yake inazunguka laini.

MamaGeji:
Makovu hayo maana yake kuna aliyeifungua nati, labda kwa ajili ya sili, akaikaza kwa kukisia. Huenda beringi zilibanwa kupita kiasi zikaharibika. Nunua zote mbili kama bei inakubali. Hamishia kiini cha Torsen kwenye nyumba ya ile ya pleti, ukiacha krauni na pinieni za nyumba hiyo pamoja, maana zimezoeana. Linganisha kwanza matundu ya bolti za krauni, weka beringi mpya za pembeni, kisha upange mwanya upya na kupaka rangi kwenye meno uone yanagusana wapi. Picha ya meno hayo ilete hapa kabla hujafunga kifuniko.

BoltiMoja:
Nimelipia zote mbili. Kesho nafungua.