Naomba ushauri: Upatanisho wa kiima na kitenzi katika Kiingereza

Walimu wenzangu, ninafundisha Kiingereza katika shule ya upili hapa Kisumu na ninaomba ushauri wenu. Wanafunzi wangu huandika "The chief, together with the elders, have arrived," kwa sababu katika Kiswahili tungesema bila kusita kwamba chifu pamoja na wazee wamefika, ilhali Kiingereza sanifu humtazama chifu peke yake na kudai "has". Kanuni wanaijua vyema, lakini maneno mengi yakiingia kati, nomino iliyo karibu na kitenzi huwavuta. Kinachonisumbua zaidi ni "Neither the chief nor the elders were present," ambapo nomino hiyo ya karibu ndiyo huamua kitenzi. Je, mada hizi nizifundishe pamoja au nizitenganishe, na ni mazoezi gani yamewafaa wanafunzi wenu?