Wakuu, programu yangu ya vyandarua inazunguka tu, haitulii. Nifanyeje?

Dagaa Mkavu: Habari wanajamvi. Nasoma shahada ya pili, hisabati. Tasnifu yangu ni malaria: vyandarua vigawiwe vipi kwa siku 200 ili wagonjwa na gharama vipungue. Nakisia u (kiwango cha kugawa vyandarua kila siku, kuanzia 0 hadi 0.8), naipeleka milinganyo ya watu na mbu mbele kwa Runge-Kutta (njia ya kukokotoa hatua kwa hatua), ile ya Pontryagin (kanuni ya kutafuta u iliyo bora) nairudisha nyuma kuanzia siku ya mwisho kwa sifuri, napata u mpya, narudia. Mizunguko 1,000 na bado inaruka: 0, 0.8, 0, 0.8. Natetea Jumatatu.

Kobe wa Pwani: Usibadilishe u yote kwa mkupuo. Changanya nusu ya zamani na nusu mpya.

Mama Lishe: Jumatatu! Mimi nilitetea na mimba ya miezi minane, feni mbovu, mtahini ananiuliza mbu ana miguu mingapi.

Baharia: Hisabati haijawahi kufukuza mbu. Washa dawa ulale.

Dagaa Mkavu: Nimechanganya, bado.

Kobe wa Pwani: Gharama ya u umeiandikaje?

Dagaa Mkavu: Kawaida tu.

Kobe wa Pwani: Ina kipeo cha pili au haina?

Dagaa Mkavu: Haina. Msimamizi alisema hela ya chandarua hailipwi kwa kipeo cha pili, nikakitoa.

Kobe wa Pwani: Na ulikuwa umekaa kimya! Bila kipeo, ukitafuta mteremko wa Hamiltoni (fomula inayounganisha gharama na milinganyo yako) kwa u, u yenyewe inapotea. Inabaki alama tu: hasi, weka 0.8, chanya, weka 0. Kuruka ndiyo jibu, ila iruke kwa siku, si kwa mzunguko. Mpe kompyuta siku ya kubadili kama namba ya kutafutwa.

Dagaa Mkavu: Tatizo grafu ya u nilishamtumia msimamizi. Nililainisha kidogo.

Kobe wa Pwani: Kidogo?

Dagaa Mkavu: Niliichora kwa mkono. Lakini makala zote inashuka polepole hadi sifuri! Si uongo, nimeyatangulia matokeo.

Kobe wa Pwani: Hizo zina kipeo. Yako inaanguka kama embe.

Jicho Kavu: Hii chai. ID ya leo. Mwezi jana uzi huu huu ulikuja na kichaa cha mbwa, na Jumatatu hiyo hiyo.

Dagaa Mkavu: Mkuu, Jumatatu ziko nyingi.

Baharia: Chai bila chapati?

Kobe wa Pwani: Chai au si chai, nimeiendesha kwenye Octave (programu ya hisabati) kwa namba zangu. Inabadilika siku ya 163. Yako inaanza kushuka lini?

Dagaa Mkavu: Ya 60.

Mama Lishe: Mrejesho Jumatatu jioni, tafadhali.