Wanasihi tumemwendea mbunge mara mbili, hakuna kilichosonga. Tunakosea wapi?

Mnasihi wa Pwani

Salaam wenzangu. Mimi ni mnasihi, nimesajiliwa na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, na kituo changu ni hospitali ya kaunti ndogo huku Pwani ya Kenya. Kaunti yenyewe naomba niiache bila jina.

Mshahara wangu ulikuwa ukitoka kwa mradi wa UKIMWI uliofadhiliwa na Marekani. Januari 2025 msaada ule uliposimamishwa, tuliambiwa tufunge tuondoke. Chumba cha ushauri sasa kimewekwa maboksi ya glavu. Mimi na mwenzangu mmoja tunarudi Jumanne na Alhamisi kujitolea, kwa sababu simu zilikuwa haziachi kuita na sikuweza kuziacha zikilia. Habari za wanaokuja sitazieleza hapa, ila jueni kwamba daktari akimaliza kazi yake kuna maneno yanayobaki na mgonjwa, na pale hospitalini hakuna aliyeajiriwa kuyasikiliza.

Tumejikusanya wanasihi 23. Tulimwendea mbunge wetu mara mbili. Alitupokea vizuri mno, tukanywa chai, tukapiga picha, tukamkabidhi barua ya kurasa 9. Huu ni mwezi wa saba tangu tumkabidhi. Nikimpigia msaidizi wake, naambiwa mheshimiwa analishughulikia.

Tumefunzwa kumsikiliza mtu, hatujafunzwa kumshawishi mwanasiasa. Mwenye ujuzi wa mambo haya anishike mkono.

Kibarua Mwema

Pole dada. Hiyo barua ya kurasa 9 ilikuwa inaomba nini hasa?

Mnasihi wa Pwani

Ilikuwa na maombi 14. Kuajiriwa wanasihi katika hospitali zote, mshauri kila shule, bima ilipe ushauri nasaha, marupurupu ya mazingira magumu, kituo cha vijana, sheria ya kuwazuia wasiosajiliwa, na mengine.

Karani Mstaafu

Dada, nilikuwa karani wa kamati katika bunge la kaunti, si lenu, kwa miaka sita. Barua za namna hiyo nilizipokea nyingi. Mwenye maombi 14 hujibiwa kwamba yamepokelewa, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeweza kuyatenda yote, na kila mmoja humsubiri mwenzake aanze.

La kwanza. Mlango mliobisha si wenyewe. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeziweka hospitali kama yenu chini ya serikali ya kaunti. Anayeajiri mnasihi wa hospitali yako ni Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti, nayo haiajiri mpaka idara ya afya iombe nafasi na nafasi hiyo iwe na fedha. Bajeti inapitishwa na wawakilishi wadi. Mbunge hata akikupenda vipi, nafasi ile hana kalamu ya kuiandika. Ya bima na ya sheria za taifa, hayo ndiyo yake. Ya kuajiri, mtafute mwakilishi wadi wako na mwenyekiti wa kamati ya afya ya bunge la kaunti. Na karani wa kamati hiyo mjue kwa jina, maana ndiye anayepanga ratiba ya vikao.

La pili ni wakati, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Wananchi hujitokeza Mei, kwenye mikutano ya kutoa maoni, wakasema vizuri sana, na wakati huo kila shilingi ishapata mwenyewe. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kabla yake kuna waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, unaofikishwa bungeni kufikia Februari 28, na huo ndio unaoweka kiwango cha juu cha kila idara. Sasa ni Oktoba. Ukitaka kusikilizwa, ingia kwa mkurugenzi wa afya mwezi huu au ujao, kabla idara haijaandika mahitaji yake. Wanasiasa wafuate baada yake. Idara isipoomba, mwakilishi wadi atakuwa anapigania kitu ambacho wenye idara wenyewe hawakukitaja.

La tatu, jiandae kwa jibu hili: "Mishahara imezidi." Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeshaupita mpaka huo. Usibishane na mtu wa hazina kuhusu umuhimu wa afya ya akili. Atakubali kila neno na hatatoa kitu. Muulize ni nafasi ngapi za idara ya afya zimeachwa na waliostaafu au kuhama, kisha omba nne kati ya hizo zijazwe na wanasihi. Nafasi iliyokuwa na mshahara tayari ni rahisi kuitetea kuliko mpya.

Mnasihi wa Pwani

Miezi saba nabisha mlango usio wenyewe. Asante sana mzee wangu, nasoma huku naandika.

Kibarua Mwema

Mimi naona takwimu na kanuni haziwagusi. Mpelekeni mgonjwa mmoja aliyepona asimame mbele ya kamati aeleze alikotoka. Wakitoa machozi, pesa zitapatikana. Una wateja, wachague wawili watatu.

Mwalimu Nasra

Ndugu yangu, najua umesema kwa nia njema, lakini hapo naomba tusimame.

Nimefanya kazi hii miaka 19. Mteja wangu nikimwomba aje bungeni, hawezi kunikatalia kwa uhuru. Alinililia. Ananiona kama aliyemtoa shimoni. Atasema "sawa mwalimu" hata kama moyo wake unakataa, kisha atasimama mbele ya watu wasiomjua, wengine wakimrekodi kwa simu, na jioni jirani zake wanaitazama video. Nimeliona jambo hili likitendeka kwa msichana mmoja katika hafla ya mradi fulani, na baada ya siku ile hakurudi tena kwa yeyote kati yetu. Waliompeleka walikuwa watu wazuri. Walitaka ufadhili usikatike.

Kuna mambo tunayoweza kuyasema bila kumfungua mtu yeyote. Hesabu ya waliokuja na waliorudishwa, kwa mwezi, bila majina wala vijiji. Siku ambazo chumba kilifungwa. Umbali wa kufika kwa mnasihi aliye karibu na nauli yake. Dada, daftari lako la Jumanne na Alhamisi ni ushahidi mkubwa kuliko unavyodhani. Lakini hata humo, ikiwa kijijini ni mtu mmoja tu mwenye tatizo la aina fulani, idadi ya "1" imeshamtaja. Idadi ndogondogo ziunganishe.

Na mwalikeni mwenyekiti wa kamati aje hospitalini siku isiyo ya wateja. Asimame mlangoni mwa chumba chenye maboksi. Hilo litamkaa.

Nimerudi

Sijawahi kuandika humu, husoma tu. Mimi ni mmoja wa hao "wagonjwa waliopona". Mwaka 2019 nilijaribu kujitoa uhai. Nilipozinduka kulikuwa na askari karibu na kitanda, kwa sababu wakati huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema nililofanya ni kosa la jinai. Mnasihi ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza nimelalaje.

Mwalimu Nasra, umesema kweli kuhusu wateja. Ila msitufungie mlango kwa kutuhurumia. Sisi tuliokwisha kutoka kwenye vyumba vyenu tuna vikundi vyetu, na tunaweza kwenda wenyewe kama raia, si kama ushahidi wa mtu. Mimi ningekwenda. Ningetaka mambo matatu tu: nauli, nijue mapema nitaulizwa nini, na kuwe na mtu nitakayekaa naye baada ya kikao. Na niwe na ruhusa ya kusema "hilo sitalijibu". Msinitafute kupitia faili. Tangazeni kwenye kikundi, mwenye kutaka ajitokeze.

Mwalimu Nasra

Ndugu Nimerudi, nimekusikia, na umenirekebisha. Nilikuwa nakulinda kana kwamba huna mdomo. Asante kwa kuandika.

Wakili wa Mtaani

Kwa kuwa 226 imetajwa: Mahakama Kuu ya Nairobi, Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka Januari 9, 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kesi ilipelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya pamoja na chama cha madaktari wa akili. Naitaja kwa sababu wataalamu hudhani sheria hubadilika bungeni pekee. Chama cha taaluma kinaweza kuwa mlalamikaji, na hapo kauli yake inapimwa kwa hoja na si kwa kura.

Lakini ya bunge nayo tuyajue yanavyochukua muda. Mswada wa kurekebisha Sheria ya Afya ya Akili ulipelekwa Seneti na Seneta Sylvia Kasanga mwaka 2018. Ulitiwa saini Juni 2022, uchaguzi ukiwa Agosti 9 mwaka huohuo. Mswada ambao haujakamilika Bunge linapomaliza muda wake hufa, na mwenye kuutaka huanza upya. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Kwa hiyo yale maombi yenu ya sheria mpya, mjue saa inakwenda.

Na sheria hiyo ya 2022 ndiyo fimbo yenu, dada. Imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma ya afya ya akili, na inataka kila kaunti iwe na Baraza la Afya ya Akili. Mwandikieni waziri wa afya wa kaunti mkiuliza: baraza letu limeundwa? Limekaa lini mara ya mwisho? Msiandike kwa hasira. Ulizeni tu, na mtunze nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Wasipojibu, kuna ardhilhali. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba rasmi bunge la kaunti lishughulikie jambo lililo chini ya mamlaka yake. Barua huishia kwenye meza ya mtu. Ardhilhali husomwa, huingia kwenye kumbukumbu za bunge, hupelekwa kwa kamati, na kamati huita watu.

Fizio wa Bara

Sisi wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, tulipata sheria ya taaluma yetu mwaka 2014, mwaka mmoja na nyinyi. Wenzetu wanaowafunza wagonjwa upya shughuli za kila siku walipata yao 2017. Nililojifunza: kila fani ikienda peke yake kusema "tuajirini sisi", kamati husikia watu wanaogombania mshahara. Kafanyeni urafiki na wauguzi wa hospitali yenu. Muuguzi akisimama akasema "mimi nabaki na mgonjwa anayelia na sijui nimpe nini", hakuna atakayemwambia anajitetea.

Pepo za Kusi

Swali la aibu kidogo. Kuna mtu ofisini kwa mwakilishi wadi aliwahi kutuambia mambo yatakwenda haraka "tukimwezesha mheshimiwa". Tufanyeje?

Karani Mstaafu

Msitoe. Hata soda. Mkishatoa, ombi lenu halina uso tena, na anayekuja baada yenu ataombwa zaidi. Mwambieni kwa adabu kwamba kikundi hakina fungu hilo, kisha ombi lipelekeni kwa maandishi kwa karani wa bunge. Likishagongwa muhuri, halimhitaji yule mtu.

Na msipande jukwaa la chama chochote mwaka huu na ujao. Mteja wako anaweza kuwa wa upande wa pili, na akikuona umevaa fulana ya mgombea hatakuja Jumanne.

Mnasihi wa Pwani

Nimekaa na wenzangu jana, tulikuwa 11, tukasoma maneno yenu yote kwa sauti. Maombi 13 tumeyaweka kando. Haikuwa rahisi, mwenzetu wa shule alisikitika, tukakubaliana la shule lifuate mwakani na yeye ndiye atakayeliongoza. Wiki ijayo tuna miadi na mkurugenzi wa afya. Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi amesema atakuja nasi. Kikundi cha waliopata huduma tumekiandikia, tunasubiri.

Hili ndilo ombi, ukurasa mmoja. Naomba mlikosoe:

"Tunaiomba idara ya afya ya kaunti iangalie uwezekano wa kuajiri wanasihi wanne waliosajiliwa, mmoja katika kila hospitali ya kaunti ndogo, katika mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, kwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Tangu Februari 2025 chumba cha ushauri katika hospitali yetu hufunguliwa siku mbili kwa wiki na watu wanaojitolea. Idadi ya waliohudumiwa na waliorudishwa kwa kila mwezi imeambatishwa."

Karani Mstaafu

Limesimama, dada. Toa "iangalie uwezekano wa". Andika "iajiri". Ukimwomba mtu aangalie, ataangalia. Na chini ongeza mstari mmoja: mngependa jibu kwa maandishi kabla ya Novemba kwisha.

Nimerudi

Barua yenu imefika kwenye kikundi. Tumejitokeza watatu. Tutakuja.