Mdogo wangu kapata chuo, baba anataka kuuza shamba. Digrii italipa kweli?

Kaka Mkubwa: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kachaguliwa kusomea ualimu wa masomo ya sanaa. Mkopo aliopewa hautoshi ada, na baba anataka kuuza ekari ya mihogo ajazie. Binamu yetu mhasibu, digrii imemjengea nyumba. Mimi nina digrii na bado napanga chumba, wakati jirani niliyekaa naye dawati moja alikwenda VETA, chuo cha ufundi, kusomea umeme, leo ana vijana watatu chini yake. Nimwambie nini mzee?

Mwalimu wa Zamu: Pole mkuu. Nina salari slipu yangu hapa, shule binafsi: mshahara 600,000. NSSF (mfuko wa pensheni) 60,000, PAYE (kodi ya mshahara) 24,000, Bodi ya Mikopo, kurudisha mkopo wa chuo, 15%, yaani 90,000. Nabaki na 426,000. Ninaipenda kazi, ila mzee azijue hizi hesabu kabla hajauza.

Bahasha ya Kaki: Wenye digrii wanalipwa zaidi, ni kweli, lakini huo ni wastani, na mara nyingi unahesabu walio kazini tu. Anayesubiri usaili kwao mwaka wa tatu hayumo. Mimi na rafiki yangu tulimaliza darasa moja, GPA zinakaribiana. Yeye fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, aliifanyia ofisi ya shangazi yake, wakambakiza. Mimi nilizunguka na vyeti miezi 19. Karatasi ni ile ile!

Mama Wawili: Samahani, huyo mdogo wako ni wa kike au wa kiume?

Kaka Mkubwa: Wa kike, dada.

Mama Wawili: Basi usimpime kwa jirani fundi. Jiulize bila chuo angekuwa wapi. Kijijini kwetu mvulana asiyesoma anashika bodaboda au anafuata mafundi. Msichana anauza duka la mtu kwa elfu themanini, akichoka anaolewa. Digrii hiyo hiyo inaweza kumbadilishia maisha yeye kuliko ilivyokubadilishia wewe. Ila shamba lisiuzwe kwanza, akate rufaa ya mkopo. Mwanangu alikata, akaongezewa.

Kaka Mkubwa: Dada, hilo la kumfikiria yeye angekuwa wapi sikuwa nimeliwaza. Kesho nampigia mzee azuie mnunuzi. Naweza kuja PM unielekeze viambatanisho vya rufaa? Barua ya mtendaji tunayo tayari.