Naomba ushauri: seva ya majaribio kwenye wingu inakata pumzi katikati ya jaribio la mzigo

Wakuu, habari za kazi. Tunapima mfumo wa mauzo wa duka la jumla Kariakoo kwa watumiaji 200 kwa mpigo. Seva ni t3.medium (aina ya seva ya kukodi) ya AWS, huduma ya wingu ya Amazon, kanda ya Cape Town, Afrika Kusini. JMeter, programu ya kuiga watumiaji wengi, inarusha maombi kutoka mashine nyingine hukohuko, ili intaneti ya Dar isichafue vipimo.

Nusu saa ya kwanza majibu ni mepesi, kisha yanakuwa mazito ghafla na programu haijaguswa. Chanzo ni krediti za CPU, yaani akiba ya muda wa kutumia kichakato (CPU) kwa nguvu zote. Aina hii hupata krediti 24 kwa saa. Ikibanwa asilimia 100 hula 120 kwa saa. Ikiwashwa saa mbili kabla inakuwa na 48, na hizo huisha ndani ya dakika 30, halafu CPU inashushwa hadi asilimia 20. Tungeweza kuruhusu ivuke kiwango, lakini ziada inalipiwa, na bosi hataki bili ya kushtukiza.

Sasa, tuhamie m5.large (aina isiyotegemea krediti) ya kawaida tukiizima jioni (najua diski inaendelea kulipiwa), au ya spoti (spot, nafasi ya ziada ya AWS), ambayo ni nafuu ila inaweza kunyang'anywa kwa taarifa ya dakika 2? Jaribio letu ni la saa 3 mfululizo, likikatika linaanza upya.

La pili, ambalo linanikosesha raha zaidi: data ina namba za simu za wateja halisi. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sitaki zitoke nchini kabisa. Mnazibadilishaje kabla ya kupakia, bila kuvunja uhusiano wa majedwali?