Mrejesho: wateja hawakuwa wakijibu barua pepe zangu

Wadau, nimerudi kama nilivyoahidi. Mtakumbuka nililia hapa mwezi uliopita: niko ofisi ya wakala wa forodha (tunawatolea wateja mizigo yao bandarini), Embakasi, Nairobi, na wateja walikuwa wanasoma nusu ya barua pepe yangu, halafu wanapiga simu kuuliza kile kile nilichoandika chini. Mkanipa ushauri, nikaujaribu.

Nilimfuata yule aliyesema ombi likae sentensi ya kwanza. Zamani nilianza na "Natumai u mzima wa afya", nikasimulia safari ya kontena tangu Mombasa, ndipo nikaomba hati. Sasa naandika: "Naomba ankara na orodha ya mizigo kabla ya saa sita kesho, ili kontena lisianze kutozwa ada ya kukaa bandarini." Basi. Wengi wanajibu siku hiyo hiyo, wengine kabla sijamaliza chai.

Aliyeniambia nisome kwa sauti, ubarikiwe. Ulimi ukikwama, nafuta. Dereva wetu anadhani nasali.

Ila kukata salamu kabisa kuliniponza. Mzee mmoja wa soko la Gikomba, mteja wa miaka mingi, alimpigia bosi: "Huyu kijana siku hizi ananiamrisha?" Ilibidi niende mwenyewe kumwomba radhi. Kwake nimerudisha mstari mmoja wa kuuliza habari za nyumbani, kisha ombi.

Ule ushauri wa kila barua pepe iwe na jambo moja tu bado unanishinda, maana bosi anataka yote yaende pamoja. Asanteni sana.